Kijana Akipotea Mlimani: Saa za Kwanza Ndizo Zinazookoa

Shule zinapofungwa mwezi wa Aprili, Agosti na mwishoni mwa mwaka, vijana wengi wa Kaunti ya Nakuru huelekea milimani. Wapo wanaokwenda na kanisa, shule au kikundi cha skauti. Wapo wanaofuata mbuzi aliyepotea, wanaotafuta kuni, au wanaotangulia wenzao kuona nani atafika kileleni kwanza. Wapo pia wanaoondoka kimyakimya na marafiki, bila kumwambia mtu yeyote nyumbani.

Nafasi za kupotea ni nyingi katika kaunti hii. Juu ya jiji la Nakuru kuna Menengai. Upande wa Naivasha kuna mlima Longonot na makorongo ya Hell's Gate. Kati ya Gilgil na Naivasha kuna msitu wa Eburu, ambao kilele chake kinazidi mita 2,800 juu ya usawa wa bahari. Magharibi, kuanzia Njoro na Elburgon hadi Molo na Kuresoi, kuna msitu wa Mau. Mashariki, wakazi wa Bahati wanapakana na msitu wa Dundori, na ng'ambo yake ni safu ya milima ya Nyandarua.

Makala haya yanaeleza kwa nini watu hupotea katika maeneo haya, ni nini hasa huhatarisha maisha yao, na nini kijana, mzazi na mwalimu wanapaswa kufanya. Jambo la msingi ni moja. Aliyepotea huokolewa na maamuzi mawili yanayofanywa katika saa za kwanza: yeye mwenyewe kuacha kutembea, na watu wa nyumbani kutoa taarifa bila kusubiri.

Kwa nini mtu hujizungusha

Menengai ina masimulizi mengi. Katika karne ya 19 Wamaasai wa makundi mbalimbali walipigana vikali katika eneo hili, na simulizi husema kwamba mashujaa wa Ilaikipiak waliangamia kwa kusukumwa kreta. Tangu hapo wapo wanaoamini kuwa mahali hapo pana mizimu, na kwamba mtu akiingia anaweza kuzungushwa kwa saa nyingi akajikuta pale pale alipoanzia.

Kujizungusha huko ni jambo la kweli, lakini chanzo chake kinajulikana. Mwaka 2009 watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Tübingen, Ujerumani, walichapisha matokeo ya jaribio rahisi. Waliwaomba watu watembee moja kwa moja kwa saa kadhaa, wengine katika msitu tambarare huko Ujerumani na wengine katika jangwa la kusini mwa Tunisia, huku nyayo zao zikifuatiliwa kwa setilaiti. Walioliona jua walikwenda karibu moja kwa moja. Waliotembea msituni chini ya mawingu walizunguka, wakavuka njia yao wenyewe bila kujua, na bado waliamini kuwa wanasonga mbele. Wale waliofungwa vitambaa machoni walijizungusha katika duara dogo, wakati mwingine lisilozidi mita 20 kwa upana.

Maana yake ni kwamba bila alama ya mbali ya kulenga, miguu ya binadamu haiwezi kushika mstari ulionyooka. Hali hiyo haibagui mwoga na jasiri, wala mgeni na mwenyeji.

Sasa mtu afikirie kreta ya Menengai, yenye upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi, na kuta zinazoshuka kwa mamia ya mita. Aliye chini anaona ukingo pande zote, na kila upande unafanana na mwingine. Chini kuna mawe ya volkeno yaliyovunjika ovyo, vichaka, nyufa na mapango. Njia za mbuzi hugawanyika na kuishia popote. Asubuhi na wakati wa mvua ukungu hufunika ukingo, na ile alama pekee aliyokuwa nayo hutoweka. Saa sita mchana jua huwa karibu utosini, kwa sababu Nakuru iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, hivyo halisaidii kutambua mashariki na magharibi. Msitu wa Mau na wa Eburu una shida hiyo hiyo kwa njia nyingine: miti na mianzi huziba macho, na mtu haoni zaidi ya hatua chache.

Jambo jingine ni giza. Karibu na ikweta jioni ni fupi. Jua huzama karibu saa 12 na nusu, na baada ya dakika 20 hadi 30 giza limeingia. Kijana anayeliona jua likizama akidhani bado ana saa nzima ya kutembea anajidanganya.

Kinachoua si njaa

Wengi wakisikia mtu amepotea porini, huuliza kwanza atakula nini. Chakula ndicho kitu cha mwisho cha kuhangaikia. Mtu mwenye afya huweza kukaa wiki kadhaa bila chakula. Bila maji, maisha huwa hatarini baada ya siku 3 hivi, na mapema zaidi penye joto kali. Na bila kinga ya baridi na mvua, usiku mmoja tu unatosha kuua.

Baridi ndiyo hatari inayopuuzwa zaidi Nakuru. Jiji lenyewe liko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 ambazo mtu anapanda. Mtu hahitaji theluji ili afe kwa baridi. Nguo zilizolowa na upepo wa usiku huuibia mwili joto haraka kuliko unavyoweza kulitengeneza. Dalili za kwanza ni kutetemeka na vidole kushindwa kufunga zipu au kamba. Kisha maneno huanza kukwama, mtu hupepesuka kama mlevi, na hutaka kulala. Kutetemeka kukikoma ilhali mtu bado ana baridi, hali imekuwa mbaya sana.

Hatari ya pili ni kukosa maji. Ndani ya Menengai hakuna mto wa kudumu, kwa sababu maji ya mvua huzama haraka kwenye mawe yenye matundu. Mvuke unaoonekana ukifuka kutoka ardhini, ambao sasa unachimbwa kwa ajili ya umeme, si maji ya kunywa, na ardhi iliyo karibu na matundu hayo inaweza kuunguza. Longonot nayo ni kavu. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3 hivi za kupanda, na kuuzunguka ukingo ni kilomita 7 nyingine juu ya vumbi na majivu ya kale, huku kilele kikifika mita 2,776. Aliyebeba chupa moja ndogo ya maji humaliza kabla ya nusu ya safari.

Hatari ya tatu ni kutembea usiku. Mtu aliyepotea mchana kwa kawaida bado ana miguu mizima. Anayelazimisha kuteremka gizani hupata kuteguka, kuvunjika au kutumbukia kwenye ufa, na tatizo dogo hugeuka kubwa. Usiku pia ndio wakati ambao nyati, chui na fisi hutembea.

Hatari ya nne ni makorongo. Mwezi wa Aprili 2012, vijana 7 waliokuwa katika ziara ya kanisa kutoka Nairobi walifariki baada ya mafuriko ya ghafla kuwakuta ndani ya korongo la Hell's Gate. Mwezi wa Septemba 2019 maafa ya namna hiyo yalitokea tena mahali hapo, na watu 7 wakapoteza maisha. Vijana hao wa 2012 hawakuwa wamepotea, lakini msiba wao una funzo kwa kila anayetafuta njia ya kutoka porini. Maji ya korongo hutoka mbali. Mvua inaweza kunyesha nyanda za juu huku anga ya korongoni ikiwa haijatoa tone. Mtu aliyepotea huvutiwa na korongo kwa sababu lina kivuli, linakinga upepo na linafanana na njia. Wakati wa mvua asikae humo wala asilifuate.

Vijana na watoto waliookoka

Visa vitatu vya miaka ya karibuni vinaonyesha kile kinachosaidia na kile kinachochelewesha.

Tarehe 23 Juni 2018, wavulana 12 wa timu ya kandanda nchini Thailand, wenye umri wa miaka 11 hadi 16, waliingia katika pango la Tham Luang pamoja na kocha wao kijana. Mvua ilinyesha, maji yakajaa nyuma yao, wakakosa pa kutokea. Baiskeli walizoziacha mlangoni ndizo zilizowaambia watu kwamba wako ndani. Wapiga mbizi wawili kutoka Uingereza waliwapata Julai 2, wote 13 wakiwa hai. Walikuwa hawana chakula. Walikunywa maji yaliyodondoka kutoka kwenye mwamba, hawakutawanyika, na kocha aliwafundisha kukaa kwa utulivu ili wasiichoshe miili yao. Wa mwisho alitolewa Julai 10. Uokoaji huo haukuwa rahisi: mpiga mbizi mmoja wa Thailand, Saman Kunan, alifariki akipeleka mitungi ya hewa.

Tarehe 1 Mei 2023, ndege ndogo ilianguka katika msitu wa Amazoni nchini Kolombia. Watu wazima wote 3 waliokuwamo walifariki, akiwemo mama wa watoto 4 waliokuwa naye. Mkubwa wa watoto hao alikuwa msichana wa miaka 13, na mdogo kabisa alikuwa hajafikisha mwaka. Msichana huyo alichukua unga wa muhogo uliokuwa ndegeni, akawalisha wadogo zake. Unga ulipokwisha walikula matunda ya msituni ambayo wazee wao wa jamii ya Wahuitoto walikuwa wamewafundisha kuyatambua. Waliishi siku 40.

Kisa hicho kina upande wa pili ambao husahaulika. Watoto wale walikuwa wakihama. Wanajeshi walipitisha helikopta yenye kipaza sauti iliyotangaza sauti ya bibi yao ikiwasihi wakae mahali pamoja. Baadaye ilielezwa kwamba wakati fulani watafutaji walipita mita chache tu kutoka walipokuwa bila kuwaona. Walipopatikana Juni 9, walikuwa kilomita 5 hivi tu kutoka ndege ilipoanguka. Walioufanikisha msako ni wanajeshi na wenyeji wa msituni waliofanya kazi pamoja, wakifuata nyayo, maganda ya matunda na vitu vilivyodondoshwa.

Kisa cha tatu ni cha hapa Kenya. Mwishoni mwa mwaka 2022, mtoto wa miaka 4 wa jamii ya wafugaji alipotea karibu na Mbuga ya Tsavo Mashariki, katika eneo lenye simba na fisi. Wanakijiji walifuata nyayo zake ardhini huku ndege ndogo ikisaidia kutoka angani. Alionekana na rubani baada ya siku 6, akiwa amedhoofika na kujaa michubuko ya miiba, lakini hai.

Visa hivi havisemi kwamba kila aliyepotea atapona. Vinaonyesha tu kwamba mwili wa mtoto unaweza kustahimili siku nyingi kuliko watu wanavyodhani, mradi tu kuna maji, na kwamba kinachoamua zaidi ni muda wanaoutumia watafutaji kufika.

Kijana afanye nini

Dakika ile ile anapohisi kwamba haijui njia, kijana asimame. Akae chini, anywe maji kidogo, avute pumzi. Woga ndio unaomsukuma mtu akimbie, na kila hatua ya mbio humpeleka mbali na mahali ambapo atatafutwa. Ikiwa anaweza kuiona kwa macho njia aliyojia, arudi kwayo. Ikiwa haioni, akae hapo alipo.

Wakiwa wengi, wasitengane kwa sababu yoyote. Kikundi kinachomtuma mmoja akatafute msaada huishia kuwa na misako miwili. Aliyeumia asiachwe peke yake.

Simu itumike kwa busara. Nambari 112 inaweza kupita hata pale ambapo mtandao wa laini ya mwenye simu haupatikani, maana hutumia mtandao wa kampuni nyingine yoyote iliyo karibu. Ujumbe mfupi pia huweza kupita mahali ambapo sauti inakatika. Ujumbe huo useme mambo manne: tuko wangapi, nani ameumia, tunaona nini, na chaji imebaki kiasi gani. Baada ya hapo simu ipunguzwe mwanga, na intaneti, muziki na kamera zizimwe. Simu ya wenzake wawili kati ya watatu izimwe kabisa ili ibaki akiba.

Kabla giza halijaingia, kijana atafute mahali pakavu, pasipo na upepo, palipo mbali na korongo, na mbali na njia inayoonekana kukanyagwa na wanyama. Asilale ndani ya shimo au pango lililo karibu na matundu ya mvuke, kwa sababu hewa chafu inayotoka ardhini ni nzito na hutuama penye bonde. Akusanye majani makavu kwa wingi, mengine ayalalie na mengine ajifunike, maana ardhi huvuta joto la mwili kuliko hewa. Wenzake wakae wamebanana. Nguo kavu zote zivaliwe na kichwa kifunikwe. Mfuko mkubwa wa plastiki uliotobolewa nafasi ya uso hufaa kama koti la mvua.

Ishara zitolewe kwa tatu tatu: firimbi mara tatu, kisha kimya, kisha mara tatu tena. Mlio wa firimbi husikika mbali kuliko sauti ya mtu, na haumchoshi anayepuliza. Usiku, tochi imulikwe mara tatu. Mchana, nguo yenye rangi kali itandazwe penye uwazi, ambapo mtu aliye ukingoni au angani anaweza kuiona. Moto usiwashwe kwenye nyasi kavu. Wakati wa kiangazi, moto mdogo Menengai au Longonot unaweza kumzingira aliyeuwasha.

Asile tunda, uyoga au jani asilolijua. Njaa ya siku mbili haiui, lakini kuhara na kutapika humaliza maji ya mwili kwa haraka.

Na jambo la mwisho, ambalo ni gumu kwa vijana: wanaomtafuta wakiita, aitike. Imeonekana mara nyingi katika misako ya watoto kwamba aliyepotea hujificha akisikia sauti, ama kwa sababu anawaogopa watu asiowajua, ama kwa sababu anaogopa kupigwa kwa kuondoka bila ruhusa.

Mzazi na mwalimu wafanye nini

Woga huo hupandwa nyumbani, na nyumbani ndiko unakoweza kung'olewa. Mzazi amwambie mwanawe mapema, kabla ya siku ya shida, kwamba akipotea hakuna atakayemwadhibu kwa kutafutwa. Mazungumzo ya kosa yana wakati wake, na si usiku ambao mtoto yuko mlimani.

Jambo la pili ni taarifa. Wazazi wengi bado wanaamini kwamba ni lazima saa 24 zipite ndipo polisi wapokee habari za mtu aliyepotea. Hakuna sheria inayosema hivyo. Mtoto, yaani kila aliye chini ya miaka 18 kwa mujibu wa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, aripotiwe mara tu inapoonekana kwamba hajulikani aliko. Mzazi aende katika kituo cha polisi kilicho karibu, ahakikishe habari imeandikwa katika kitabu cha matukio, na apewe nambari ya OB. Amjulishe pia chifu au naibu wake na mzee wa Nyumba Kumi, kwa kuwa hao ndio wanaowajua wachungaji, wachoma makaa wa zamani, warina asali na wapasuaji kuni ambao huenda wamemwona kijana akipita.

Kuchelewa kunagharimu kwa njia inayohesabika. Mtu anayetembea kilomita 2 tu kwa saa anaweza kuwa popote ndani ya duara lenye upana wa kilomita 4 baada ya saa moja. Baada ya saa 3, duara hilo lina upana wa kilomita 12, na eneo la kutafuta limekuwa kubwa mara 9. Mzazi anayesubiri hadi asubuhi ili asionekane ana haraka huwa amewaachia watafutaji mlima mzima.

Anayetoa taarifa awe tayari kujibu maswali haya: Kijana alionekana wapi mara ya mwisho, na saa ngapi? Alivaa nguo za rangi gani na viatu vya aina gani? Alikuwa na nani? Alibeba maji, chakula, simu, dawa? Ana ugonjwa wowote, kama vile pumu, kisukari au kifafa? Amewahi kwenda mahali hapo? Picha ya karibuni itolewe. Nguo aliyoivaa karibuni ambayo haijafuliwa iwekwe kwenye mfuko safi na isishikwe na watu wengi, kwa sababu ikiwa mbwa wa kunusa watatumika, ndiyo watakayoihitaji.

Jamaa na majirani wasikimbilie mlimani kila mtu kivyake. Nia ni njema, lakini nyayo za watu 50 hufuta nyayo za mmoja, na kila msako wa namna hiyo huwa na hatari ya kumpoteza mtafutaji mwenyewe. Wajiandikishe kwa anayeongoza, waende kwa vikundi pamoja na anayelijua eneo, na mtu mmoja abaki pale kijana alipoonekana mwisho. Mwingine abaki nyumbani, maana si mara moja aliyetafutwa usiku kucha amerudi kwa mguu wake.

Msako huendeshwa na nani

Ndani ya mbuga za Longonot na Hell's Gate, wa kwanza kujulishwa ni walinzi wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, walio langoni. Katika misitu ya serikali kama Menengai, Eburu, Dundori na Mau, ni walinzi wa Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS, pamoja na vyama vya jamii vinavyosaidia kuitunza misitu hiyo. Polisi hupokea taarifa mahali popote, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya husaidia katika utafutaji, huduma ya kwanza na usafiri wa wagonjwa.

Kijana anapopatikana, asikimbizwe na umati. Ikiwa ana baridi, avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe kwa blanketi kavu, na apewe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa ana fahamu na anameza vizuri. Asisuguliwe mikono na miguu, asiwekwe karibu sana na moto, na asipewe pombe yoyote. Aliyekosa maji apewe kidogo kidogo. Hata akionekana mzima, apelekwe hospitalini akaangaliwe. Picha zake zisisambazwe katika mitandao ya kijamii bila ridhaa ya wazazi.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Misako mingi isingehitajika kama mambo machache yangefanywa kabla ya safari. Kiongozi wa kikundi aandike majina ya wote, njia watakayopita na saa ya kurudi, na karatasi hiyo aiachie mtu anayebaki. Mtu huyo ajue kwamba saa hiyo ikipita bila habari, ni wajibu wake kupiga simu. Penye lango, kikundi kijiandikishe kikiingia na kikitoka. Penye mwongoza njia mwenyeji, aajiriwe.

Wapandao waanze asubuhi mapema, na waweke saa ya kugeuka. Ikiwa imepangwa kuwa saa 8 mchana, wageuke saa 8 hata kama kilele kinaonekana. Wahesabiwe kila wanapopumzika. Mwenye kasi asitangulie peke yake na mchovu asiachwe nyuma, kwa sababu vijana wengi hupotea katika mwanya huo kati ya wa kwanza na wa mwisho.

Katika begi la kila mmoja kuwe na maji yasiyopungua lita 2, firimbi, tochi, sweta, mfuko mkubwa wa plastiki, kitu cha kula na simu iliyojaa chaji. Vifaa hivyo si vya gharama kubwa. Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa uangaliwe, hasa Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na mvua ikitarajiwa, safari ya makorongoni iahirishwe.

Vijana wanaochunga mifugo au kuokota kuni pia wanahitaji haya. Wao huzoea mlima, na mazoea hayo huwafanya waondoke na shati moja na bila maji. Firimbi shingoni na kauli ya kuaga nyumbani, kwamba leo ninaelekea upande fulani, vinatosha kuokoa siku nzima ya msako.

Nambari za kuhifadhi katika simu

Polisi na dharura zote: 999 au 112.
Msalaba Mwekundu wa Kenya: 1199.
Simu ya kuwasaidia watoto: 116.

Wazazi, walimu wakuu na viongozi wa makundi ya vijana wanahimizwa kuwasomea vijana ukurasa huu kabla ya likizo kuanza, na kuubandika katika mbao za matangazo za shule, makanisa, misikiti na ofisi za machifu.